Tembo Wenye Mbawa, Mtaa wa Uhuru

Teddy Osei alipofariki, Januari 2025, nilimpigia simu mtu mmoja niliyejua habari hiyo itamgusa, tukazungumza mpaka salio likakata. Mjukuu wangu alikuwa karibu anasikiliza. Nilipoweka simu chini akauliza marehemu alikuwa anachezea timu gani. Nikamwambia alikuwa mpuliza saksafoni na filimbi, Mghana, mwasisi wa bendi ya Osibisa. Kijana akaandika jina kwenye simu yake, akasikiliza nusu dakika, akaruka, akasikiliza nusu dakika ya wimbo mwingine, akasema, "Babu, kumbe ni Afrobeats ya zamani." Akaendelea na mambo yake. Ana digrii, tena ya mawasiliano ya umma.

Kwa jambo hilohilo alilolimaliza yeye kwa dakika moja, yaani muziki ule uwekwe fungu gani, niliwahi kuona watu wazima wenye kazi zao wakinuniana hadi kupishana njiani bila salamu. Hawakuwa wanamuziki, isipokuwa mmoja. Walikuwa wasikilizaji tu, na uwanja wao wa vita ulikuwa duka dogo nyuma ya Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam.

Lile halikuwa hasa duka la santuri. Lilikuwa duka la redio. Ukiingia, mkono wa kushoto kulikuwa na redio za mbao zimefunguliwa migongo, zimewekwa vikaratasi vyenye majina ya wenyewe, nyingine zimekaa hapo hadi wenyewe wamesahau. Mkono wa kulia ndipo palipokuwa na kabati la kioo lenye sahani. Harufu yake naweza kuichambua hadi leo: moshi wa risasi inayoyeyuka, vumbi la valvu likishapata moto, na juu yake udi, kwa sababu shati la mwenye duka lilifukizwa nyumbani kila asubuhi kabla hajalivaa. Baba yake alitoka Kachi. Yeye alizaliwa Pangani, na Kiswahili chake kilitutia aibu sisi tuliotoka bara. Ukisema "santuri hii imeharibika" alikuuliza imeharibika vipi: imekwaruzika, imepinda, au imechujuka? Sahani aliishika kwa viganja, kingo kwa kingo, kidole kisiguse mifereji, akaifuta na kipande cha mahameli kilichokatwa kwenye kiti cha zamani. Kisha aliinama akapuliza sindano, pumzi moja fupi, ndipo akaishusha.

Alikuwa mtu wa heshima zake. Santana walipotoa Abraxas, mwaka 1970, jalada lake lilikuja na mchoro wa Mati Klarwein ambao katikati yake ameketi mwanamke mweusi hana nguo. Mwenye duka alikata kipande cha kalenda akamvalisha. Tuliokuwa vijana tulijua kabisa chini ya mwezi wa Machi kuna nini, na sahani hiyo ilitolewa kabatini ikatazamwa kuliko ilivyosikilizwa.

Alikuwa na sheria moja. Asiyenunua anasikiliza upande mmoja kwa siku. Sindano zilikuwa ghali, zilitoka mbali, na sisi tulikuwa wengi tusio na kitu. Kwa hiyo ukija leo ukakuta upande wa kwanza, ndio huohuo. Wa pili uje siku nyingine, kama siku hiyo mwenyewe ana hamu nao.

Ndipo ikaingia ile sahani ya kwanza ya Osibisa. Jalada lilichorwa na Roger Dean: tembo wenye mbawa za wadudu wanaruka. Nimeiangalia tarehe: 1971. Rafiki niliyempigia simu anashikilia tuliisikia 1972, kwa sababu alikuwa ameshaoa. Woyaya nayo ilitoka 1971, na Heads ikafuata 1972, kwa hiyo yawezekana zilikuwapo zote mezani na kila mtu anakumbuka yake. Basi, na iwe 1972. Kichwani mwangu kuna joto la kabla ya masika na bati linalia.

Mwalimu mmoja wa sekondari alikuja na daftari akanakili majina yaliyoandikwa kwenye jalada. Osei mwenyewe, mdogo wake Mac Tontoh kwenye tarumbeta, na Sol Amarfio kwenye dramu, hao Waghana. Loughty Amao, Mnigeria, tumba na saksafoni. Wendell Richardson wa Antigua, gitaa. Spartacus R wa Grenada, besi. Robert Bailey wa Trinidad, kinanda. Watu saba, nchi tano, na walikutana London mwaka 1969. Mwalimu alifunga daftari akauliza swali lililoleta balaa lote: muziki huu ni wa kigeni au si wa kigeni?

Mambo ya soul na vimini kupigwa marufuku mnayajua, siyarudii. Inatosha kusema kwamba wakati ule swali la mwalimu halikuwa la kupitisha muda. Redio yetu ilikuwa inazidi kubana nyimbo za nje, na wa nje ni nani ilikuwa kazi kumpata. Mghana ni ndugu. Mghana aliye London je? Na yule wa Trinidad, ambaye babu wa babu yake alipakiwa melini? Karani mmoja wa bandarini, mtu wa Santana kindakindaki, alisema muziki hauna pasipoti, wala yeye hakuja kuhudhuria semina. Mwalimu akamwita kasuku wa mabeberu. Mwenye duka akawapunguzia sauti ya mashine, na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yake kubwa.

Huyo karani hakuwa mjinga. Hoja yake ilikuwa ya sikio. Alisema kwa Santana gitaa ndilo linaloongoza na ngoma zinalijibu, lakini kwa hawa gitaa linaingia kama mgeni aliyechelewa shughuli, anatafuta pa kukaa wakati watu wameshaanza kula. Alitoa mfano wa "Ayiko Bia", wimbo wa mwisho wa upande wa kwanza. Hapo aliinukiwa na kijana wa Buguruni, Mzaramo, mpiga dramu wa bendi moja ya bugi, ndiye pekee kati yetu aliyekuwa akilipwa kwa kupiga kitu. Utoto wake ulipita kwenye mdundiko, anafuata harusi na ngoma mtaa hadi mtaa. Kijana hakujibu kwa maneno. Alianza kugonga mapigo ya kengele ya "Music for Gong Gong" kwa pete yake juu ya kioo cha kabati, mkono wa pili akaweka mdundiko, akaviacha viende pamoja, kimoja kikikatiza kwenye mwendo wa kingine bila kugongana. "Sasa wekeni gitaa," akasema. "Liwekeni popote mnapotaka, kama halitachelewa." Mwenye duka aliomba kioo chake kisiguswe. Lakini nilimwona, kabla hajasema, ameacha kuchomelea, anatikisa kichwa.

Upande mwingine wa ugomvi walikuwa watu waliosema kwamba hakuna ngoma yoyote pale ya kujadili, kwamba hiyo ni jazi ya Wazungu na kinanda cha kanisani, na kwamba "Think About the People" ni mahubiri. Tuliwaona wamelogwa. Wao walituona sisi tumelogwa. Iliendelea hivyo siku nyingi hadi dada mmoja mpiga chapa, aliyekuwa anapita pale akitoka ofisini na hasemi sana, akatuuliza kila mmoja huwa anakuja lini. Ikaonekana. Sisi tuliokuwa tunakuja mwanzoni mwa wiki tulikuwa tumelishwa upande wa kwanza, wenye "Ayiko Bia" na kuitikiana kwake. Wenzetu wa Ijumaa na Jumamosi walikuwa wamesikia upande wa pili mtupu, ambao kwa sehemu kubwa ni kinanda na matarumbeta yanayojinyoosha, na mwisho wake ndio hayo mahubiri. Tulikuwa tunagombana juu ya sahani mbili.

Dada huyo alikuwa anacheza upatu na wenzake wa ofisini. Zamu yake ilipofika alinunua ile sahani kwa pesa taslimu. Jumamosi moja tukaalikwa kwao Ilala, watu tumekaa hadi barazani, na tukasikiliza pande zote mbili mfululizo, kisha tena, bila mtu kuruhusiwa kusema kitu katikati. Ugomvi haukuisha. Uliongezeka akili. Karani alikubali ngoma, akabaki na gitaa lake. Mwalimu alihamia kwenye swali la kwa nini wanaimba Kiingereza. Mpiga chapa mwenyewe alisema kitu ambacho hakuna mwanamume pale aliyekuwa amekifikiria: kwamba sahani hii imepangwa kwa ajili ya watu wanaokaa chini, na kwamba bendi zetu zikiiga zitaua dansi. Wapi watu watacheza kwenye filimbi?

Sasa, hili ndilo ninalotaka vijana walijue. Maoni yale yalikuwa na pa kwenda. Bugi lilikuwa dansi la Jumapili, kuanzia saa nane mchana mpaka kumi na mbili jioni, soda na raizoni na bugaluu zinazofagia sakafu, na bendi zilizokuwa zinapiga pale zilikuwa zinajulikana kwa kukopi. James Brown alikopiwa nukta kwa nukta, hadi kikohozi. Mpiga dramu wa Buguruni alichukua ugomvi wa dukani akaupeleka mazoezini. Baada ya muda mfupi, kundi lake likasimama na tumba za ziada na kengele, gitaa limepunguzwa sauti mwanzoni, halafu likaachiwa. Filimbi hawakuileta. Mpiga chapa alikuwa amemwambia. Tulisimama pale tunatazama sakafu ikijaa, kila mmoja wetu anadai sehemu yake. Karani alidai ule mkato wa gitaa.

Na haikuwa bendi hiyo tu. Sunburst walikuwa wanapika chungu chao wenyewe wakakiita kitoto, roki na jazi na ngoma ndani yake, na mwaka 1976 wakatoa sahani nzima, Ave Africa, waliyoirekodi Zambia. Patrick Balisidya wa Afro 70 alifika Sweden akarekodi na kundi la roki la kule, Archimedes Badkar. Matokeo yake ni Bado Kidogo, ya 1978, ambayo ukiisikiliza hujui Dodoma yake inaishia wapi na Sweden inaanzia wapi. Safari Trippers, na Marijani Rajab wao, walitoka kwenye kopi wakaingia kwenye Kiswahili moja kwa moja, wakapata mashabiki ambao hao wengine hawakupata kamwe. Sisemi yote haya yalitoka kwenye duka moja la redio. Nasema maduka ya namna hiyo yalikuwapo mengi, na kila moja lilikuwa na mpiga dramu wake.

Miaka iliyofuata sina mengi ya kuisemea. Santuri zetu zilikuwa zinakandamizwa Nairobi. Mpaka wetu na Kenya ulipofungwa zikawa adimu, kaseti ikaingia, na kaseti mtu anasikiliza nyumbani kwake, hana wa kumpinga. Bugi likafa, disko likaja na mtu mmoja na mashine mbili. Mwenye duka alihamia kwa watoto wake Kanada. Mahali pale pakawa stoo ya vitenge, kisha fremu za kuuza vioo vya simu, na siku hizi ni ghorofa. Balisidya alitutoka 2004. Vijana wanaofanya kolabo na kila taifa duniani hawajawahi kumsikia.

Kinachonikera si kwamba hawana maoni. Wana maoni mengi kupita kiasi. Fungua simu uone: wimbo umetoka asubuhi, mchana watu maelfu wameshaandika "moto", jioni wanapigana juu ya nani ana watazamaji wengi na nani kamwacha nani. Tafuta hata mmoja aliyesema besi imeingia mapema, au kwamba ngoma zimepigwa na kompyuta na zinafanana na za wimbo uliopita. Na hata akipatikana, atamwambia nani? Mwenye wimbo yuko Dubai anapiga picha.

Ave Africa ilitolewa upya mwaka 2016 na kampuni ya London, Strut. Nilifurahi, kisha nikasikia watu wakiiita muziki wa Wazambia. Chukueni studio yenu, ndugu zetu wa Lusaka, lakini kundi lile lilizaliwa Dar na sisi tuliliona likikua.

Karani wa bandarini alifariki miaka michache iliyopita. Kwenye matanga yake, Temeke, tuliketi kwenye mkeka chini ya turubai wale tuliobaki: mwalimu, ambaye sasa haoni vizuri; mpiga dramu, ambaye sasa ana duka la vipuri; mpiga chapa, ambaye sasa ni bibi wa wajukuu; na mimi. Tulianza kwa kumtaja marehemu kwa wema. Mwalimu akasema marehemu alikuwa mtu wa msimamo, hakubadili kauli juu ya lile gitaa hadi mwisho. Mpiga dramu akasema msimamo si hoja, gitaa liliingia panapotakiwa, na akaanza kuonyesha kwenye sinia la kahawa. Mpiga chapa akamwambia anapiga haraka mno, wimbo wenyewe haukimbii hivyo, yeye sahani anayo na aliisikiliza wiki iliyopita. Sauti zikapanda. Mjane akatokeza mlangoni, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Jamani, wazee wangu, ndani watu wanasoma hitima." Tukashusha sauti. Mpiga dramu akalirudisha sinia mahali pake, akaninong'oneza kwamba bado tumechelewa sisi, si gitaa.