Mwanafunzi wa Zongwe anayehesabu siku za yaya wake

ZONGWE, KALEMIE – Alipoanza kusoma sheria mjini, jirani mmoja alimtania: "Unajifunza kufunga watu." Binti huyo alicheka tu. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa kukariri tarehe: dekreti ya Januari 30, 1940 juu ya makosa na adhabu, ile ya Agosti 6, 1959 juu ya kuendesha kesi, ordonansi nambari 344 ya Septemba 17, 1965 juu ya magereza. Sheria za zamani kumshinda mama yake.

Kisha yaya wake akakamatwa. Mwenye mtumbwi alimkabidhi nyavu avue, wagawane samaki. Nyavu zikapotea ziwani. Mwenyewe akasema zimeuzwa. Deni peke yake si kosa la jela, lakini kula mali uliyoaminiwa kuna adhabu ya miezi 3 hadi miaka 5, na ndivyo ilivyoandikwa kwenye faili.

Tangu siku hiyo daftari lile akalisoma kwa macho mengine. Katiba, kifungu cha 17: uhuru ndiyo kanuni, kufungwa ni kwa nadra. Kifungu cha 18: mikononi mwa polisi ni saa 48, basi. Hakimu akikubali mtu abaki mahabusu, ni siku 15, halafu mwezi mmoja mmoja, na kila mara karatasi mpya. Akahesabu kwa kidole kwenye kalenda. Karatasi ya mwisho ya yaya ilikwisha siku 11 zilizopita.

Mama alikuwa akifunga bukari na ndagala za kupeleka gerezani, maana asiyeletewa chakula na ndugu hushinda na njaa.

"Kwa hiyo watamtoa leo?"

"Mama, sheria inasema hivyo. Watu sijui."

Si jambo la kuchukulia polepole. Gereza la Makala, Kinshasa, lilijengwa kwa watu 1,500. Usiku wa kuamkia Septemba 2, 2024, lilipokuwa na maelfu, wengi hawajahukumiwa bado, walikufa watu 129. Waliokuwa wakisubiri tu karatasi wamo.

Ofisini, karani alimwambia faili iko juu ya meza, arudi Jumatatu. Akaomba kuona karatasi ya kuongeza mwezi. Karani akamtazama vizuri.

"Dada, nani amekutuma?"

"Hakuna, papa. Ni yaya yangu."

Akatoa barua aliyoiandika kwa mkono, nakala mbili, imetaja kifungu cha 31 na tarehe zote. Hakuomba huruma ndani yake. Aliomba kitu kimoja: muhuri wa kupokea kwenye nakala yake. Alisimama pale karibu saa nzima, watu wakipita. Mwishoni muhuri ukagongwa, ukiwa umepinda, wino hafifu, lakini tarehe inasomeka.

Nakala hiyo mama ameifunga kwenye kitenge, pamoja na kadi ya uchaguzi ya yaya. Jumatatu wataenda wote wawili.