Mwindaji Kabla ya Munganga

Riziki yangu nimeipata kwa kuandika michezo ya redio mjini Kindu, na mara nyingi kazi yenyewe ilikuwa kutafuta mwanzo. Katikati huja, mwisho huja. Mwanzo hukataa.

Msikilizaji wangu hakuketi kunisubiri. Yuko Mikelenge anashona suruali ya mteja mwenye haraka, au yuko kando ya Lualaba anangoja mtumbwi umvushe kwenda Alunguli. Betri zimenunuliwa kwa hela za chumvi. Ukimwanzia na "Wasikilizaji wapenzi, leo tutazungumzia...", redio inazimwa, na ana haki.

Nilizaliwa Tunda, huko Kibombo, ambako Wamethodisti walijenga misheni na hospitali. Mama alikuwa akifua mashuka ya hospitali, nami nikishinda barazani nikisikiliza wagonjwa. Muuguzi aliuliza, "Unaumwa wapi, mama?" Hakuna aliyejibu tumbo. "Tulikuwa tunavuna mpunga, mvua ikatukuta, shemeji yangu akasema tujifiche kwa yule mzee..." Muuguzi aliuma kalamu akingoja tumbo lifike. Sisi watoto tulimngoja shemeji.

Baadaye nilisoma maisha ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa zamani, aliyoyaeleza mwenyewe kwa Kiswahili. Kasongo, makao yake, iko mkoani kwetu, na jina lake huku haliji bila pembe za ndovu na minyororo. Lakini kuanza alijua. Hakuchoshi na habari za kuzaliwa: unamkuta kijana wa miaka 12, yuko safarini, anachuuza sandarusi. Kabla hujauliza huyu ni nani, umeshamfuata.

Ndui ya nyani ilipozidi kusumbua, watu wa afya walileta karatasi yao ya mchezo. Ilianza na munganga, ndivyo tunavyomwita daktari, akitaja dalili: homa, tezi kuvimba, malengelenge hadi viganjani. Yote kweli, na yote yangeweza kubandikwa ukutani. Nikamsogeza munganga nyuma, nikamtanguliza mwindaji. Usiku. Mbwa wanabweka, mzigo unatupwa chini.

"Papa Asani, umeleta nini?"

"Washa moto kwanza."

Moto tuliutengeneza kwa kukunjakunja mfuko wa plastiki karibu na kinasa sauti; panga likipasua nyama lilikuwa panga kweli, juu ya mgomba. Kisha mtoto: "Papa, mkononi una nini?" Baba hajibu. Anaendelea kukata. Hapo hata fundi wa mitambo aligeuka kututazama. Munganga aliingia baadaye sana, watu wakiwa wameshamhitaji.

Mchezo uliofuata ulinitesa zaidi. Kuanzia Oktoba 2022, hospitali ya Tunda kwetu na ile ya Kole, Sankuru, zilikuwa zikifanya utafiti wa dawa iitwayo tecovirimat. Walishiriki watu 597, wengine wakipewa dawa, wengine vidonge visivyo na dawa. Majibu yalitoka Agosti 2024: dawa haikuharakisha kupona kwa vidonda. Lakini katika makundi yote mawili, waliolazwa na kutunzwa vizuri, wakapewa chakula na kutibiwa maradhi mengine yaliyowaandama, walikufa 1.7 tu kwa kila 100, wakati kwa kawaida nchini Kongo ni 3.6 au zaidi. Sasa mwambie mtu wa kijijini: dawa haikusaidia, lakini njoo hospitali. Ukianza na dawa, umeshampoteza. Ukianza na hesabu, umempoteza mapema zaidi.

Nikaanza na pesa. Mwanamke anahesabu noti za nauli ya pikipiki juu ya mkeka, mama mkwe yuko mlangoni.

"Hiyo ni pesa ya mbegu."

"Ndiyo, mama."

"Na huko dawa ipo?"

Mwanamke anarudia kuhesabu. Nilimwacha bila jibu, maana swali la mama mkwe ndilo lililokuwa kwenye kila nyumba, na mchezo mzima ungeishi kwa kulijibu.

Mwenzangu wa kuchanganya sauti alitaka pikipiki isikike tangu mwanzo, kwa sababu inachangamsha. Tulibishana mpaka umeme ukakatika. Nilimwambia pikipiki ikinguruma tu, msikilizaji anajua wameshaamua kwenda, na mimi bado nilimtaka awe pale mkekani, akihesabu pamoja na mwanamke yule, akimwogopa mama mkwe.