Gari la Zamani na Mlima wa Fizi



Juma lililopita tulikuwa na safari ya kutoka Baraka kupanda Fizi, kuwaona wenzetu wa kikundi cha akiba. Tulikuwa wamama tisa, na mmoja wetu ana mimba ya miezi saba. Tulikodi Land Cruiser ya zamani, yenye umri kuwapita baadhi yetu. Tulipanga kuondoka saa kumi na mbili asubuhi. Saa mbili ilitukuta bado tumeketi garajini, tunanung'unika, na gari halina magurudumu ya nyuma.

Garaji ni baraza la wanaume, basi tulisikiliza. Mzee mmoja, shofa wa siku nyingi, alisema hakuna gari la kuishinda Land Rover. Bodi yake ni ya aluminiamu, haili kutu. Hilo ni kweli: ilipotoka mwaka 1948, vita vilikuwa vimekwisha juzi na chuma kilikuwa haba Uingereza, ndiyo maana wakatumia aluminiamu. Kijana wa funguo akamjibu kwamba chasi ni ya chuma, nayo inaoza palepale chini ya bodi nzuri. Yeye ni mtu wa Toyota. Gari la kwanza la ukoo huo lilitengenezwa mwaka 1951, na Land Cruiser za namba 70, zilizoanza mwaka 1984, zinatengenezwa hata leo. Kwa hiyo vipuri vinapatikana, na ile mota ya zamani ya mazuti haina kompyuta. Fundi anaifungua chini ya mwembe kwa funguo zake tu. Mzee hakukubali. Alisema Oktoba 2024 Land Rover zilijaa Arusha, Tanzania, kwa mamia, za zamani na mpya. "Kama ni mbovu, zilifikaje?"

Mama mmoja anayeuza mandazi pale mlangoni akawakatiza: "Nyote mnasifu namna gari linavyokwenda. Linavyosimama, nani anasifu?"

Watu walicheka, lakini fundi hakucheka. Alituita tuangalie. Ndani ya gurudumu kuna ngoma ya chuma, na ndani ya ngoma kuna viatu viwili vya freni vinavyotanuka kuibana. Mpira mdogo ulikuwa umechoka, mafuta ya freni yakavuja na kulowanisha viatu. Kiatu chenye mafuta hakishiki, kinateleza. Gari hilo lilikuwa limepakwa rangi mpya inayong'aa, na viti vimeshonwa upya. Pesa za kulifufua zilikuwa zimeanzia machoni.

Ndugu zetu wavuvi wa Ubwari hawafanyi hivyo. Mtumbwi wa zamani huzibwa nyufa kwanza, rangi hufuata. Mwenye kuvuka ghuba anajua kwamba rangi haizuii maji kuingia.

Tuliondoka saa tatu na nusu. Njia inaacha ziwa na kupanda milima, na ukigeuka nyuma unaiona rasi ya Ubwari imelala majini. Mzungu Burton alipopita na mitumbwi mwaka 1858 aliidhani kisiwa, na ghuba yetu ikabaki na jina lake. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Tulipovuka kijito, shofa alikwenda polepole huku akigusa freni kidogo kidogo. Tulimwuliza sababu. Akasema maji yakiingia ndani ya ngoma, freni hupoteza nguvu mpaka zikauke, na kuzigusa hivyo kunazikausha. Jioni, tukishuka, alitia gia ndogo tangu juu ili mota yenyewe izuie gari, freni zisipate moto na kuchoka. Mwenzetu mwenye mimba alilala njia nzima.

Wamama, magari haya ya zamani ndiyo yanayotupeleka sokoni, msibani na hospitali. Hatuyadharau, yakitunzwa vizuri yanafika pasipofika mapya. Lakini anayelipa ana haki ya kuuliza. Kabla kikundi hakijatoa pesa, mmoja wenu aulize haya: Freni zilifunguliwa lini? Shofa akanyage pedali mbele yenu: ikizama hadi chini, msipande. Tazameni ndani ya magurudumu na chini ya gari kama kuna mafuta yanayovuja. Tazameni pine, hata ile ya akiba. Mwisho, hesabuni watu na mizigo, kwa sababu freni nzima nazo hushindwa na gari lililopakiwa kupita kiasi.

Fundi akisema bado, msimharakishe. Sisi tulimharakisha asubuhi ile, tena kwa maneno makali. Tuliporudi salama tulipita garajini kumwomba msamaha, tukamkuta chini ya gari lingine. Hapo pia alikuwa ameanza na magurudumu.