Kicheko Kizimbani

Jioni moja hapa Kamwokya niliwaonyesha wanafunzi wangu Vioja Mahakamani, vichekesho vya KBC ya Kenya vinavyotuonyesha hakimu, karani na kiongozi wa mashtaka wakiwa kazini. Mshtakiwa alipoboronga Kiswahili, darasa zima liliangua kicheko. Msichana mmoja tu alinyamaza.

Nilipomuuliza sababu, alijibu: “Mwalimu, baba yangu alisomewa shtaka kwa Kiingereza, akaitikia ‘ndiyo’ bila kuelewa. Kumbe amekiri kosa.”

Kicheko kilikatika. Ndipo nikawaeleza kwamba ibara ya 28 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 humpa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi haki ya kupata mkalimani bila malipo. Baba yule hakuijua haki hiyo, wala hakuna aliyemwambia.

Niliona haya, kwa kuwa mimi ndiye niliyecheka kwanza. Vichekesho ni vya kuchekwa, msomaji wangu, cheka. Lakini jifunze pia kutamka bila aibu: “Sijaelewa. Naomba mkalimani.” Ni maneno matatu tu, nayo yaweza kumwokoa mtu.