Chumba Kisicholipa Kodi

Huku kwetu Dandora, dirisha huleta vitu viwili kwa mpigo: mwanga na macho ya watu. Ukifungua pazia chumba kinang'aa, lakini jirani wa orofa ya pili naye anajua mmepika nini. Ukifunga, mnabaki na siri zenu na giza lenu. Mathe alichagua giza. Kwa ile nyumba ya kupanga aliyotulelea, taa iliwaka hata saa sita mchana, na tokeni za stima hazikukaa.

Sasa ploti ya shosho imekuwa yake. Ni kadogo: mita 7 kwa 17. Mbele, upande wa kaskazini, ni barabara. Nyuma, upande wa kusini, kuna ghorofa la orofa tano. Mimi ndiye nilisomea kuchora majengo, kwa hivyo kazi ikaniangukia. Mathe alitoa masharti mawili tu: "Nataka jua, na sitaki kuonwa." Bro wangu mkubwa naye alikuwa na lake: tupande juu, bedsita kila orofa, kodi iingie kila mwezi.

Simlaumu. Mtaa wenyewe umemfundisha hivyo. Dandora ilianza miaka ya 1970 kama mradi wa Baraza la Jiji na Benki ya Dunia. Mtu alipewa ploti yenye choo na bafu, kisha akajijengea vyumba polepole, kadiri mfuko ulivyoruhusu. Kwa ploti nyingi vyumba vilizunguka ua. Hapo ndipo nguo zilianikwa, watoto wakaogeshwa, wasichana wakasukana. Halafu kodi ikawa tamu. Ua ukaliwa chumba kimoja baada ya kingine, mpaka siku hizi mahali pengi umebaki korido nyembamba yenye unyevu.

Nikiwa natafuta jibu la mathe, nilikumbuka Lamu. Mji wa Kale umebanana kuliko hata mtaa wetu, lakini watu wa ndani hawaishi gizani wala hawaanikwi nje. Nyumba ya mawe, ukiitazama kutoka njiani, ni ukuta mtupu. Mgeni anakaribishwa kwenye daka, mlangoni, penye baraza za kukalia. Ukivuka mlango unapinda kona kwanza, kwa hivyo mpita njia hata akichungulia haoni kitu. Baada ya kona ndipo unakutana na kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, na vyumba vyote vinaugeukia. Kuta nyeupe za chokaa zinausukuma mwanga hadi ndani. Nyumba haiombi mwanga kwa jirani.

Mbali kabisa, jijini Osaka, Tadao Ando alifikia wazo la ukoo huohuo mwaka 1976. Alipewa kipande cha upana wa kama mita 3 na urefu wa 14, kimebanwa na nyumba pande zote mbili. Mbele akaweka ukuta wa zege usio na dirisha hata moja, mlango tu. Nyumba akaigawa mara tatu, na sehemu ya katikati akaiacha bila paa. Mvua ikinyesha, mwenye nyumba anaenda chooni na mwavuli. Mathe nilipomsimulia hilo alicheka sana. "Huyo mwambie mimi ni mgonjwa wa magoti." Choo chetu kitakuwa karibu na kitanda chake.

Ila sisi wa Nairobi tuna kitu ambacho Osaka hawana: jua la utosini. Tuko kama digrii moja tu kusini mwa ikweta, kwa hivyo saa sita mchana jua haliko mbali na kichwa chako mwaka mzima. Juni linaegemea kaskazini kidogo, Desemba kusini. Nikapiga hesabu. Ghorofa la nyuma lina kimo cha kama mita 15. Kivuli chake cha saa sita, Desemba, kinafika karibu mita 6. Basi chumba cha mathe kikakaa nyuma, kina cha mita 7, kivuli kiangukie paa lake. Halafu ua wa mita 3. Halafu sebule na jiko, mita 7, hadi barabarani.

Bado kulikuwa na macho ya kutoka juu. Nikachora mstari kutoka dirisha la orofa ya tano, ukipita ukingo wa paa la chumba cha nyuma hadi kwa ua. Waya za mita moja kutoka ukingo huo, zikitambaliwa na mpasheni, zinatosha kuukata. Mtu akikaa chini yake kwa kiti, huko juu wanaona majani.

Bro aliangalia ramani, akatoa simu, akapiga hesabu yake. "Huo ua ni mita 21 za mraba. Hizo ni bedsita mbili kila orofa, manze. Unajenga chumba kisicholipa kodi." Na ni ukweli. Pesa hiyo ingesaidia, hasa mathe akizeeka.

Mathe alinyamaza kidogo. "Mimi nimelipia watu giza miaka ishirini na sita," akasema. "Na wewe unataka tuwauzie wengine hilohilo?"

Tulikubaliana hivi: msingi wa mbele utabeba orofa moja zaidi, vyumba viwili vya kupangisha, ngazi yao itokee barabarani. Madirisha yataangalia barabara tu. Na kuta zake zitarudi mita 2 kutoka ua, kwa sababu zikisimama ukingoni, Juni zitauzima wote. Bro aliguna kuhusu hizo mita 2, lakini akakubali.

Fundi anaanza kuchimba mwezi ujao. Mathe tayari ameniuliza kamba ya nguo itafungwa wapi.