Maji Yaliyolazwa

Mtoto aliyelelewa Ng'ambo ya mji wa Unguja hafundishwi kulaza maji. Huwaona wakubwa zake wakifanya hivyo kila jioni: maji ya mfereji hutiwa mtungini, yakafunikwa, yakaachwa mpaka asubuhi. Taka hutuama, joto hupungua, na ile harufu ya dawa, kama maji yalitiwa dawa, huwa imekwenda zake. Ni elimu isiyoandikwa popote, nayo ni elimu sahihi. Klorini iliyo peke yake haikai sana majini; ikipata uso mpana na muda wa kutosha, huyatoka maji kidogo kidogo ikaingia hewani.

Bwana mmoja wa huko alikwenda na elimu hiyo London mwaka 1971, akiwa kijana. Aliendesha mabasi mpaka alipostaafu, na baada ya hapo, katika chumba cha mbele cha nyumba yake ya ghorofa ya tatu, mashariki ya jiji, aliweka tangi la kioo la lita 200 na ndani yake akajenga mwamba. Samaki hakuwa nao wengi: wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, na kamba wadogo watatu wanaoangaza kama kioo. Fahari yake ilikuwa matumbawe. Hakuyatoa baharini, kwani biashara ya matumbawe magumu inadhibitiwa na mkataba wa kimataifa, na yeye mwenyewe hakupenda yavunjwe. Aliyapata kwa wenzake wenye matangi. Tumbawe hukatwa kama pando la muhogo; kipande hugandishwa juu ya jiwe, kikashika, kikakua, na mwenye kupewa leo huja kumkatia mwingine kesho.

Wageni walimuuliza bahari ya tangini aliinunua wapi. Aliitengeneza kwa chumvi maalumu, gramu 35 kwa kila lita ya maji, joto likiwa nyuzi 25 au 26. Shida si chumvi. Shida ni maji matamu yanayoiyeyusha, kwa sababu kila kilichomo ndani yake huingia tangini na hakina pa kutokea. Maji yanapopungua kwa mvuke, chumvi hubaki, na hivyo kila siku sharti yajazwe kwa maji matamu. Kwa hiyo bwana huyu alinunua dukani maji yaliyochujwa, madumu ya lita 25, akayapandisha ngazi kwa mikono yake miwili.

Figo zake ziliposhindwa, mkono mmoja ulitoka katika kazi hiyo. Madaktari waliunganisha mshipa na ateri katika mkono wa kushoto ili mashine ya kusafisha damu ipate njia, na wakamkataza kabisa kubeba mzigo kwa mkono ule. Alilazwa wiki tatu. Aliporudi nyumbani alikuta maji ya tangi yamechoka, mwani umeanza kupanda kiooni, na madumu matupu yamepangwa mlangoni. Alimpigia simu dada yake Unguja.

“Dada, maji ya dukani siyawezi tena kuyabeba.”

“Basi yalaze ya mfereji, ndugu yangu. Kwani mama alikuwa akifanyaje?”

Aliyalaza. Ndoo tano za lita 20, usiku wa kwanza na wa pili, zikiwa wazi sebuleni kama za harusi. Siku ya tatu aliyanusa, hayakuwa na harufu. Akayatia chumvi, akayapasha joto, akabadilisha nusu ya maji ya tangi kwa mara moja ili alipe deni la wiki tatu. Usiku ule matumbawe yalijifunga. Asubuhi kamba wote walikuwa wamelala ubavu. Samaki walipanda juu, vinywa wazi, matamvua yakipiga haraka haraka, ilhali pampu ya hewa ilikuwa ikifanya kazi na hewa ilikuwa tele. Walikufa kabla ya adhuhuri. Siku hiyo ilikuwa zamu yake ya mashine, naye alikwenda na mikono inayonuka bahari.

Muuguzi aliyemhudumia alikuwa binti wa Mombasa. Alimsikiliza mpaka mwisho huku akifunga bomba za damu, kisha akasema, “Mzee, maji ya hapa hayalazwi. Yanachujwa.” Alipomaliza zamu yake akamwomba fundi amruhusu mzee achungulie chumba cha nyuma.

Katika chumba hicho kulikuwa na mitungi miwili mirefu iliyojaa mkaa, mmoja ukifuata mwingine, na kati yao kibomba cha kuchotea sampuli. Fundi alieleza kwa maneno machache. Sehemu kubwa ya maji ya London hayatiwi klorini peke yake. Klorini hufungwa na amonia, ikawa kloramini. Kifungo hicho ndicho kinachoifanya idumu katika mabomba marefu ya jiji, na ndicho kinachoizuia isitoke katika ndoo iliyo wazi. Klorini huondoka kwa siku moja. Kloramini huweza kukaa siku nyingi bila kunusika. Mwenye kuinywa hadhuriki, kwa kuwa tumbo huivunja kabla haijafika damuni. Mgonjwa wa figo, lakini, haynywi maji ya mashine. Katika saa nne za kusafishwa, takriban lita 120 hupita upande wa pili wa utando mwembamba unaogusa damu yake. Kloramini ikipenya hapo, huiharibu hemoglobini na kupasua chembe nyekundu. Ndiyo maana maji hupimwa kabla ya kila zamu, na kiwango cha klorini yote hakiruhusiwi kuzidi miligramu 0.1 kwa lita. Samaki naye hana tumbo la kumkinga, kwani kloramini humwingia kwa matamvua, moja kwa moja damuni.

Mzee alisimama pale muda mrefu. Mwaka 2004, San Francisco ilipohamia kloramini, matangazo ya idara ya maji yaliwaonya watu wa aina mbili: wenye figo za mashine na wenye samaki. Yeye alikuwa wote wawili, wala hakuna aliyemwambia.

Msomaji asiione dawa hii kuwa adui. Unguja inaikumbuka kipindupindu ya miaka ya 1869 na 1870, ambayo daktari James Christie aliiandikia kitabu kizima. London nayo ilizika watu wake wa mtaa wa Broad Street mwaka 1854 kwa sababu ya pampu moja. Alexander Houston alipoanza kutia klorini maji ya mto Thames mwaka 1916, sababu mojawapo ilikuwa kuokoa makaa yaliyokuwa yakiendesha pampu wakati wa vita, na jiji likayazoea maji yenye dawa. Kiswahili kimefanya busara kutumia neno moja, dawa, kwa kinachoponya na kwa kinachoua. Mfasiri hutaabika nalo, lakini haliongopi.

Miezi miwili baadaye mzee alifunga mashine yake ndogo chini ya sinki. Kwanza chujio la kuzuia mchanga na kutu. Kisha mikebe miwili ya mkaa badala ya mmoja, kama alivyoona hospitali, kwa sababu kloramini huvunjwa polepole na mkaa huhitaji muda wa kukaa nayo. Mkaa uliotengenezwa mahsusi kwa kazi hiyo ni bora kuliko wa kawaida. Baada yake utando, ambao klorini ikiufikia huula, na mwisho resini. Hiyo resini ina kazi yake: mkaa unapokivunja kile kifungo, amonia huachwa huru, na katika maji ya bahari, ambayo si ya asidi, amonia ni sumu kali zaidi. Utando huzuia sehemu yake kubwa, resini huokota iliyosalia. Pia huzuiwa fosfeti, ambayo nchini Uingereza hutiwa majini ili risasi ya mabomba ya zamani isiyeyuke, na ambayo tangini hulisha mwani. Zipo dawa za chupa zinazovunja kloramini papo hapo. Hizo nazo huacha amonia, isipokuwa zile zilizotengenezwa kuifunga. Kinachomuuma ni maji yanayomwagwa: kwa lita moja safi, tatu au nne huenda mtaroni. Huzikinga katika ndoo akafulia.

Kipimo chake cha chumvi za majini kilisoma sifuri, naye kwa miezi akakiamini. Siku moja muuguzi akamuuliza anapima nini hasa. Kipimo kile huona chumvi, hakioni kloramini. Akanunua kipimo cha rangi, tena si cha klorini huru bali cha klorini yote, kwani cha kwanza hupita juu ya kloramini bila kuiona. Aliyapima maji yanayomwagwa, ambayo yamekwisha kupita mkaa. Yakageuka waridi. Mkaa ulikuwa umekufa zamani, na ndoo ya lita 40 ilikuwa tayari imetiwa chumvi kando ya tangi jipya.

Dada yake aliposimuliwa alinyamaza kidogo. “Basi mama hakujua?”

“Mama alijua maji yake, dada.”

Sasa kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kabla ya kutoka, mzee hujaza kichupa, hutia dawa ya kupimia, hukiinua dirishani penye mwanga akangoja. Akifika hospitali, kabla hajakunja shati mkono wa kushoto, humuuliza fundi leo rangi gani.

“Haina rangi, mzee,” humjibu binti wa Mombasa kwa niaba yake. “Na yako?”