Gari Gani Ni la Kutumainiwa?



Hapa shuleni kuna baraza moja ambalo halikuandikwa katika kitabu cha prefe. Linakutana saa ya mapumziko, karibu na ukuta wa mawe meusi, pale tunapoweza kuona barabara. Sisi tunaopenda magari ndio wenye baraza hilo. Halina mwenyekiti, na hakuna anayengoja zamu yake ya kusema. Gari likiwa bado nyuma ya kona, mmoja anataja aina yake kwa kusikia moteri tu, mwingine anabisha, na kengele inalia bado hatujapatana.

Zaidi ya magari, tunahukumu mashoferi. Mwenye Land Cruiser nyeupe yenye antena ndefu, tunasema, anafikiri barabara ni ya shirika lake. Motari ana haraka ya kufika kaburini. Shoferi wa kamyo hasikii honi isipokuwa ile yake. Shoferi wa taksi anasimama pale alipoona muntu, hata kama ni katikati ya njia. Na mama akishika volani, wavulana wanasema: «Tupishe mapema!»

Siku moja dada mmoja wa darasa la nne alisimama karibu nasi akasikia neno hilo la mwisho. Akauliza: «Katika magari yote muliyoona yameanguka mtaroni, ni ngapi yaliendeshwa na mama?» Baraza likanyamaza. Kisha yeye mwenyewe akatuambia habari ya mama mmoja wa Ufaransa, Michèle Mouton, aliyekuwa wa tatu katika mashindano ya Safari kule Kenya mwaka 1983, na gari la Audi. Na mbele yake, mwaka 1961, Anne Hall wa Uingereza alikuwa wa tatu vilevile, na Ford Zephyr. Tangu siku ile wavulana wanachungua kwanza kama dada huyo yuko karibu.

Lakini mabishano yetu makubwa ni juu ya nguvu ya gari: gani linadumu, gani linakufa upesi. Wote munajua jibu la Goma: Toyota. Hata mutoto ambaye hajaanza shule atakuambia hivyo. Sababu yake si siri. Piesi zake zinapatikana mjini, mpya na za zamani, na karibu kila garaji ina kijana anayeweza kufungua moteri yake na kuifunga tena. Gari lingine linaweza kuwa zuri kulishinda, lakini likivunjika chuma kimoja kidogo, linalala miezi mingi likingoja chuma hicho kutoka mbali. Basi kusema kwamba gari fulani ni nguvu, mara nyingi ni kusema kwamba mafundi wake wako karibu.

Angalieni chukudu. Halina moteri, halina esansi, shoferi wake haulizwi permi. Ni miti iliyochongwa, na kipande cha pine kuukuu juu ya magurudumu. Lakini linashuka na viazi na makala mpaka mjini, na watu wamelisimamishia sanamu katika njia panda hapa Goma. Likivunjika, mwenyewe analitengeneza kwa panga na misumari. Kama tungetoa zawadi kwa chombo cha kutumainiwa, baraza lote lingekuwa na shida kulinyima chukudu.

Sasa tuje kwa magari ya mbio. Mara moja moja linapita gari la chini-chini, la milango miwili, kama Toyota Celica, lililokwisha kutumika Japani. Baraza lote linasimama. Wengine wanasema: «Hili ndilo gari!» Wengine wanajibu: «Hapa? Juu ya mawe haya?» Wenye kuuliza hivyo wana sababu. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkano. Nyiragongo ilimwaga moto mwaka 1977, tena tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, moto ukapita katikati ya mji mpaka ziwani, na tena tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Mawe yale yanakata pine na kupiga tumbo la gari. Tena, Goma iko karibu metre 1.500 juu ya bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, na moteri isiyo na turbo inapoteza zaidi ya sehemu moja kwa kumi ya nguvu iliyoandikwa katika karatasi zake. Farasi waliohesabiwa Japani hawafiki wote hapa.

Lakini wapenzi wa mbio nao wana ushahidi, na wanautoa katika mashindano yale ya Safari. Yalianza mwaka 1953, yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, katika vumbi, matope na mawe kama yetu. Gari la mbio la Datsun 240Z lilishinda mwaka 1971, na tena 1973. Celica yenye turbo ilishinda miaka mitatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986. Basi nani atasema gari la mbio haliwezi njia mbaya?

Upande wa pili unajibu hivi. Mwaka 1963 magari 7 tu yalifika mwisho, na mwaka 1968 tena 7 tu. Mara zote mbili la kwanza lilikuwa Peugeot 404, gari la baba wa jamaa, na shoferi alikuwa yuleyule, Nick Nowicki. Joginder Singh, ambaye alijifunza ufundi katika garaji ya baba yake kule Kenya, alishinda mwaka 1965 na Volvo iliyokuwa imekwisha kukimbia Safari ya mwaka uliotangulia. Mwaka 1974 alishinda tena na Mitsubishi Lancer ndogo; nyuma yake, wa pili, alikuja Björn Waldegård na Porsche 911. Fundi aliyejua kusikiliza gari lake alimutangulia mwenye gari la sifa.

Hapo pande zote mbili zilianza kukaribiana. Yale magari ya mbio yaliyoshinda yalikuwa na mafundi waliongoja njiani na pine mpya na amortiseri mpya. Celica inayopita hapa kwetu haina mutu anayeingoja.

Hata hivyo, ndugu, kuna neno moja ambalo baraza halikuwa likilitaja, na ndilo lililotufanya tuandike. Gari lililotoka Japani lina volani upande wa kuume, kwa sababu kule wanapita kushoto. Linashuka melini Mombasa au Dar es Salaam. Katika Kenya, Tanzania na Uganda wanapita kushoto pia, na volani ile inafaa. Likiingia Kongo, linapita kuume, lakini volani inabaki palepale. Sasa shoferi amekaa upande wa mtaro. Akiwa nyuma ya kamyo na kutaka kuipita, haoni mbele. Lazima atoe karibu gari lote kwenye njia ya wanaokuja, ndipo macho yake yaone. Anayeona wa kwanza ni yule aliyekaa kushoto kwake, naye hana volani wala freni. Ana mdomo tu.

Katika likizo kubwa ya mwaka 2022, wanne kati yetu tulitoka Sake kurudi Goma ndani ya taksi-basi ya namna hiyo. Mwenzetu mmoja alikaa mbele, kushoto. Ndiye bingwa wetu wa kusifu mwendo. Kila siku anataka yote yakimbie. Mbele yetu kulikuwa kamyo ya mizigo, na vumbi jingi. Shoferi akamuuliza: «Kijana, iko wazi?» Akajibu: «Hapana, papa. Ngoja.» Nyuma watu walikuwa na haraka ya soko. Mama mmoja akasema: «Apite tu!» Mwingine akacheka: «Huyu mutoto anaogopa!» Shoferi akauliza mara ya pili, kwa sauti ya kuchoka. Mwenzetu akarudia: «Ngoja, papa.» Kabla ya kuhesabu tano, kamyo nyingine ikatoka ndani ya vumbi, imejaa makala mpaka juu, ikapita karibu kabisa na dirisha lake. Tulifika Mugunga bila mutu kusema neno. Pale ndipo shoferi alipomutazama na kumwambia: «Asante, mutoto wangu.»

Tulizungumza jambo hilo juma nzima. Hatukuuliza tena kama gari lile lilikuwa Toyota au jina lingine. Tuliuliza: kama angeona haya mbele ya watu? Kama angesema «pita» ili asichekwe?

Kwa hiyo, wenzetu, wengi wetu hatuna gari, na wengine hatutakuwa nalo. Lakini karibu wote tunapanda taksi, basi au moto, na siku yoyote utawekwa kiti cha kushoto. Ukikaa pale usilale, wala usicheze na simu. Shoferi akikuuliza, sema unachoona, si kile ambacho watu wa nyuma wanataka kusikia. Kama huoni vizuri, sema huoni. Neno hilo ni jibu kamili. Na wewe uliyekaa nyuma, usimucheke anayesema «ngoja», kwa maana amekuazima macho yake.

Tunaendelea kukutana karibu na ukuta. Kama mutu ana ushahidi wa kutosha dhidi ya chukudu, aje nao.

Sisi, wapenzi wa magari wa darasa la tano